Koo Halina Kifuniko

Weka vidole viwili juu ya koromeo, lile gegedu linalochomoza mbele ya shingo, kisha meza mate. Utalihisi likipanda ghafla, kama sentimita 2 hivi, likae juu kwa kitambo kifupi mno, halafu lirudi mahali pake. Rudia, safari hii ukiisikiliza pumzi. Koromeo lilipokuwa juu hukuvuta hewa wala kuitoa, na liliposhuka, yaelekea ulitoa pumzi badala ya kuivuta. Sasa meza mara tano mfululizo bila kupumzika. Kufikia mara ya nne mdomo umekauka na koo linagoma, kwa sababu kumeza hakuanzi kwa amri tupu ya ubongo. Koo linataka kuhisi kitu, hata kama ni tone la mate.

Mtu mzima hufanya hivyo mara mia kadhaa kwa siku, nyingi akiwa hana habari, na kila mara kinachomezwa hupita mbele ya mlango wa mapafu. Ndivyo tulivyoumbwa. Pua iko juu ya mdomo, lakini bomba la hewa liko mbele ya umio. Kwa hiyo hewa inayotoka puani lazima ije mbele, na chakula kinachotoka mdomoni lazima kiende nyuma, na viwili hivyo hukutana kooni katika nafasi ndogo kuliko ngumi ya mtoto. Fundi bomba angeleta ramani kama hii, mwenye nyumba asingemlipa. Charles Darwin naye aliliona jambo hili, na katika kitabu chake cha 1859 kuhusu asili ya spishi alishangaa kwamba kila chembe ya chakula chetu hulazimika kupita juu ya tundu la bomba la hewa, na hatari ya kuangukia mapafuni ikiwapo. Maelezo yake yalikuwa ya ukoo. Mapafu ya wanyama wa nchi kavu yana asili moja na kibofu cha hewa cha samaki, kifuko kilichochipuka kwenye njia ya chakula. Njia ya hewa ilikuja kama mgeni katika nyumba ya njia ya chakula, na mpaka leo wanatumia ukumbi mmoja.

Ni nini basi kinachozuia ugali usiingie mapafuni? Jibu la vitabu vya shule ni kidakatonge, kile kipande cha gegedu laini kilicho nyuma ya shina la ulimi, ambacho huchorwa kikiwa kimejifunika juu ya bomba la hewa. Mwanafunzi huuchora mchoro huo, hupata alama zake, na hubaki na imani hiyo maisha yake yote. Jibu lile ni pungufu, na upungufu wake unaonekana pale mtu anapomlisha mgonjwa akidhani kifuniko kipo na kitajifunga chenyewe.

Swali ni la kale. Plato, katika maandishi yake yaitwayo Timaios, alichukulia kwamba mapafu hupokea pumzi na vinywaji pia ili kuupoza moyo. Wengine walimpinga, na ubishi ukaendelea kwa karne kadhaa katika mazungumzo ya wasomi wa Kigiriki na Kirumi. Katika kundi la maandishi yanayohusishwa na Hippocrates mna risala fupi juu ya moyo, na mwandishi wake anaeleza jaribio la kutisha lakini la busara: mpe nguruwe mwenye kiu maji yaliyotiwa rangi, mkate koo angali anakunywa, na utaikuta rangi ndani ya njia ya hewa. Hitimisho lake lilikuwa kwamba sehemu kubwa ya kinywaji huenda tumboni, ila kidogo huteleza kando ya bomba la hewa. Wakati huohuo alikisifu kidakatonge kwa kufunika barabara. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya 2, aliikazia habari ya kifuniko, na neno la Galen lilikuwa sheria kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Aliyeitikisa imani hiyo ni Mfaransa François Magendie. Mwaka 1813 alichapisha taarifa kuhusu kazi ya kidakatonge katika kumeza. Alikuwa amewakata mbwa kidakatonge, na bado waliweza kumeza bila kupaliwa kama ilivyotarajiwa. Akasema kinachofunga hasa ni tundu la koromeo lenyewe. Zaidi ya karne moja baadaye binadamu wenyewe walitoa ushahidi. Katika miaka ya 1940, daktari Justo Alonso wa Montevideo, Uruguay, alianzisha upasuaji wa kuondoa nusu ya juu ya koromeo lenye saratani, kidakatonge kikiwemo, na kuziacha nyuzi za sauti. Wagonjwa wa upasuaji wa aina hiyo hupaliwa sana mwanzoni. Hufundishwa kuvuta pumzi, kuizuia, kumeza, kisha kukohoa kabla ya kuvuta pumzi nyingine, na wengi hurudi kula kwa mdomo. Kama kidakatonge kingekuwa ndicho mlinzi pekee, wasingeishi.

Kinachotokea ni hiki. Tonge lililotafunwa na kulowa mate husukumwa na ulimi kuelekea nyuma. Likifika mlangoni mwa koo, neva za hapo hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na kuanzia hapo mwenye mdomo hana usemi tena: kazi ikishaanza haizuiliki. Kaakaa laini huinuka na kuifunga njia ya puani, na ndiyo sababu soda haitupandi puani isipokuwa tunapocheka katikati ya funda. Nyuzi za sauti hukutana. Juu yake, mikunjo mingine miwili ya nyama hubanana. Gegedu mbili ndogo zilizo nyuma ya koromeo huinama mbele mpaka ziguse shina la kidakatonge, na uwazi mdogo ulio juu ya nyuzi za sauti unafutika. Koromeo zima huvutwa juu na mbele, likaenda kujificha chini ya shina la ulimi. Kidakatonge nacho hulala juu ya yote hayo, lakini hulala kwa sababu kimesukumwa na ulimi unaorudi nyuma na kuvutwa na koromeo linalopanda. Chenyewe hakina nguvu kubwa ya kujiamulia.

Haya yote, kuanzia kaakaa kuinuka hadi koromeo kushuka, huchukua takribani sekunde moja. Zaidi ya misuli 30 hushiriki, ikiendeshwa na neva tano zinazotoka katika ubongo na shina lake. Tonge halafu huteremshwa na umio polepole kwa sekunde 8 hadi 10, lakini huko hatari kwa mapafu imekwishapungua.

Kama ningeambiwa nichague tendo moja tu la kulisifu, ningechagua kupanda kwa koromeo. Mlango wa juu wa umio ni pete ya misuli ambayo muda mwingi imebana, hewa isiingie tumboni na tindikali isipande. Pete hiyo imeshikamana na koromeo. Koromeo linapokwenda juu na mbele, wakati uleule pete inapolegea, huivuta na kuifungua. Kwa hiyo tendo moja huiondoa njia ya hewa kwenye hatari na papo hapo huifungulia chakula njia yake. Mtu ambaye koromeo lake halipandi vizuri hupata hasara mara mbili: njia ya hewa imebaki wazi, na chakula kimebaki kooni kwa kukosa pa kupita, kikisubiri pumzi itakayofuata.

Kidakatonge si bure hata hivyo. Funda la maji likifika nyuma ya ulimi, hugawanyika kwake na kupita pembeni, kulia na kushoto, katika vijifuko viwili vilivyo kando ya koromeo, badala ya kushuka katikati moja kwa moja. Hiyo hulipa koo nafasi ndogo ya kujiandaa. Kwa mgonjwa ambaye koo lake hukawia kuanza, nafasi hiyo ndogo ni kubwa.

Pumzi nayo ina utaratibu wake. Watu wazima wengi humeza wakiwa katikati ya kutoa pumzi, husimama, kisha huendelea kuitoa. Faida iko wazi: chembe iliyobaki mlangoni hupulizwa nje. Mtu anayehema kwa kukimbia, au mwenye ugonjwa wa mapafu unaomfanya avute pumzi haraka haraka, hukosa utaratibu huo, akajikuta anameza na mara anavuta hewa ndani. Wazee wetu waliotukataza kuongea wakati wa kula walikuwa na sababu zaidi ya adabu tu. Anayeongea anatoa hewa kwa nyuzi za sauti zinazofunguka na kufumba, na akimaliza sentensi ndefu jambo la kwanza afanyalo ni kuvuta pumzi kwa nguvu, wali ukiwa bado mdomoni.

Niguse kidogo nadharia inayopendwa sana, kwamba binadamu hupaliwa kwa sababu koromeo lake lilishuka chini ili aweze kusema. Ina ukweli ndani yake. Koromeo la mtoto mchanga liko juu sana, karibu na kaakaa laini, na hushuka kadiri anavyokua. Lakini watu wameitia chumvi. Kulungu dume wa Ulaya ana koromeo lililoshuka pia, na hana lugha. Imeandikwa mara nyingi kwamba mtoto mchanga huweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa wakati mmoja, ila vipimo vimeonyesha kwamba naye husimamisha pumzi kwa nukta moja anapomeza. Walio karibu na kutenganisha njia mbili ni nyangumi wenye meno na jamaa zao pomboo, hawa tunaowaona Kizimkazi: koromeo lao limechongoka kwenda juu na kuingia katika njia ya pua iliyo utosini, na samaki hupita pembeni. Binadamu anaweza kutenganishiwa njia kwa kisu tu. Anayeondolewa koromeo lote kwa saratani hupumulia tundu la shingoni, na chakula hakiwezi tena kumwingia mapafuni. Amesalimika, lakini amepoteza sauti yake ya asili, na kunusa kwake kumedhoofika.

Turudi kwa yule nguruwe. Mwandishi wa kale alikosea kudhani kuwa maji kidogo yanatakiwa kwenda mapafuni, ila hakukosea kuona kwamba ulinzi unavuja. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwadondoshea watu wazima wenye afya kimiminika chenye alama ya mionzi kooni wakiwa wamelala. Asubuhi picha za vifua zilionyesha kwamba karibu nusu yao walikuwa wamevuta kiasi fulani hadi mapafuni. Hawakuugua. Kiasi kilikuwa kidogo, vinyweleo vinavyopamba njia ya hewa vilifagia, chembe za kinga zilimaliza kazi. Kumbe afya ya mapafu haitegemei koo lisilovuja hata tone. Inategemea kiasi kinachovuja, ni kitu gani kilichovuja, na kama mwenye mapafu ana nguvu ya kukitoa.

Nguvu ya kwanza ya kukitoa ni kikohozi. Utando wa koromeo ni miongoni mwa sehemu zenye hisia kali sana mwilini. Tone la chai likigusa sehemu ya juu ya nyuzi za sauti, neva hupiga mbiu, nyuzi hufumba, kifua hukaza, kisha hufunguka na hewa hutoka kwa kishindo. Aliyepaliwa na kukohoa mpaka machozi yakamtoka amesaidiwa na mwili wake, na hana haja ya kupigwa mgongoni wala kupewa maji juu yake. Neva hizo, pamoja na zile zinazoziendesha nyuzi za sauti, hupita mahali penye hatari. Ile ya kushoto hushuka mpaka kifuani, ikazunguka mshipa mkuu wa damu, ndipo ipande tena shingoni nyuma ya tezi. Madaktari wanaowapasua wenye rovu huitafuta kwa uangalifu mkubwa, maana ikijeruhiwa mgonjwa huamka na sauti ya kukwaruza, na maji huanza kumpalia.

Dawa na pombe huizima kengele hii ya kikohozi. Mwezi Januari 1848, karibu na Newcastle, Uingereza, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alivutishwa klorofomu, dawa ya usingizi, ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Alizimia ghafla, na katika kumzindua walimtia maji na brandi mdomoni. Alifariki, naye huhesabiwa kuwa wa kwanza kufa kwa klorofomu. James Young Simpson, daktari aliyeipa dawa hiyo umaarufu, alishikilia kwamba aliyemuua si dawa bali ni vile vinywaji, vilivyomwingia mapafuni akiwa hana fahamu. Wengine walimkatalia, tena Simpson alikuwa na kila sababu ya kuitetea dawa yake. Hata hivyo hoja yake ilibeba onyo ambalo hadi leo halijasikika vya kutosha. Mtu akizirai sokoni, au akianguka kifafa, yupo atakayekuja mbio na kikombe cha maji. Asiye na fahamu asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, mate na matapishi yatoke.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1946, daktari wa uzazi wa New York, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu iliyobadilisha vyumba vya upasuaji: katika wajawazito 44,016 waliojifungua hospitalini kwake, 66 walivuta yaliyomo tumboni hadi mapafuni wakiwa chini ya dawa ya usingizi. Alionyesha pia kwamba tindikali ya tumbo peke yake inatosha kuyaunguza mapafu. Hapo ndipo ilipopata nguvu amri ambayo wagonjwa huiona kama ukatili, ya kutokula kabla ya nusu kaputi. Kwa kawaida ni saa 6 kwa chakula na saa 2 kwa maji matupu. Mgonjwa anayeficha kwamba alikunywa chai ya maziwa alfajiri anadhani anamdanganya daktari.

Watoto wana hatari zao. Magego ya kwanza huota mtoto akiwa na zaidi ya mwaka, ya nyuma yake karibu na miaka miwili au mitatu, na kabla ya hapo hawezi kusaga karanga hata akitaka. Karanga nzima ni duara, ni ngumu, inateleza. Mtoto akicheka au kulia nayo mdomoni, huvutwa ndani kwa pumzi moja. Mara nyingi hukimbilia pafu la kulia, kwa kuwa tawi la bomba la hewa upande huo ni pana zaidi na limenyooka. Baada ya kukohoa sana mtoto anaweza kutulia, wazazi wakasahau, kisha wiki kadhaa zikapita akitibiwa pumu au nimonia isiyosikia dawa. Mjerumani Gustav Killian ndiye aliyefungua njia ya kuvitoa vitu kama hivyo bila kupasua kifua, alipotumia bomba lenye taa mwaka 1897 kutoa mfupa wa nguruwe katika pafu la mkulima mmoja. Vifaa vya leo ni vya kisasa zaidi, lakini havipo katika kila hospitali ya wilaya. Kuwanyima karanga nzima walio chini ya miaka mitano ni rahisi kuliko kuitafuta hospitali yenye kifaa hicho.

Mafuta ya taa ni kisa kingine. Huwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto anaona soda. Ni mepesi kuliko maji, hayana mnato mkubwa, hutambaa juu ya utando na kuteleza kwenye njia ya hewa upesi sana. Tumboni hayaleti madhara makubwa kama yanavyoleta mapafuni. Anayemtapisha mtoto huyo humpitishia mafuta mbele ya mlango wa mapafu kwa mara ya pili. Asitapishwe, asinyweshwe maziwa kwa nguvu, apelekwe hospitali.

Na wapo wanaomnywesha mtoto uji kwa kumlaza chali mapajani, mikono imeshikwa, pua imebanwa ili afungue mdomo. Mtoto huyo hana budi apumue kwa mdomo uliojaa uji, huku akilia, na kulia ni kuvuta pumzi kwa nguvu. Kwa yote niliyoyaeleza hapo juu kuhusu pumzi kusimama, sioni namna mbaya zaidi ya kumlisha kiumbe.

Kukabwa na tonge ni jambo tofauti na kupaliwa. Hapa kitu kimeziba, hewa haipiti, mtu hawezi kukohoa wala kusema, anashika shingo. Mwaka 1963 daktari Mmarekani alieleza jinsi watu waliokufa hivyo mezani hudhaniwa kuwa wamepatwa na shambulio la moyo, na mwaka 1974 Henry Heimlich akatangaza njia ya kulikandamiza tumbo kwa ngumi kutoka nyuma. Mafunzo mengi ya huduma ya kwanza sasa huanza na mapigo matano kati ya mabega, mtu akiwa ameinama, kisha mikandamizo mitano ya tumbo, zamu kwa zamu. Mtoto wa chini ya mwaka hakandamizwi tumbo. Hupigwa mgongoni akiwa kifudifudi, kichwa chini, kisha hukandamizwa kifua. Usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Lakini anayekabwa huonekana. Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule asiyekohoa. Karibu nusu ya waliopatwa na kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo, na sehemu kubwa kati yao hupaliwa kimyakimya: chai inapita nyuzi za sauti, na kengele hailii kwa sababu neva au ubongo umeguswa. Ndugu aliyeleta chupa ya chai wodini anamwona mgonjwa akinywa bila tabu na kufurahi. Siku tatu baadaye kuna homa na pumzi za haraka. Dalili zipo kwa anayetazama: sauti yenye majimaji baada ya funda, macho kulengwa na machozi, chakula kubaki shavuni upande uliopooza, kusafisha koo mara kwa mara, koromeo linalokawia kupanda. Kipimo cha kitandani kinachojulikana sana, kilichochapishwa 1992, ni kumpa mgonjwa aliye macho na aliyeketi mililita 90 za maji ayanywe bila kusimama, kama theluthi moja ya kikombe. Akikohoa au sauti ikibadilika, asiendelee kupewa. Busara ya wauguzi ni kuanza na kijiko cha chai. Kipimo hiki hakihitaji mashine, ingawa mashine zipo: picha za mionzi zinazotembea wakati mgonjwa anameza bariamu, na kamera nyembamba inayopitishwa puani, ambayo Susan Langmore na wenzake walieleza matumizi yake mwaka 1988.

Watu hushangaa kuambiwa kwamba kwa mgonjwa huyu maji ni hatari kuliko uji mzito. Maji hukimbia, hayashikamani, hufika kooni kabla koo halijaanza kazi. Uji mzito huenda polepole na kwa pamoja. Kuna utaratibu wa kimataifa unaopanga vyakula na vinywaji kwa ngazi kuanzia 0 hadi 7, na kipimo chake cha vinywaji kinawezekana jikoni: jaza bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, liache litiririke kwa sekunde 10, tazama kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1, hicho ni chepesi kama maji. Ubaya wa uji ni kwamba mate huyeyusha wanga. Kikombe kilichokuwa kizito mwanzoni huwa chepesi mwishoni, hasa kijiko chenye mate kikirudishwa ndani yake mara kwa mara.

Uzito wa kinywaji nao usigeuzwe dini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2008, wenye wagonjwa 515 wa shida ya akili ya uzeeni au ugonjwa wa Parkinson, ulilinganisha vinywaji vizito na kuinamisha kidevu wakati wa kunywa maji ya kawaida. Nimonia katika miezi mitatu haikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Kwenye picha za mionzi vinywaji vizito vilipunguza kupaliwa, lakini picha ya dakika chache si maisha ya miezi mitatu, na mzee asiyependa kinywaji kizito hunywa kidogo akakaukiwa maji mwilini. Kuinamisha kidevu hakugharimu chochote, na huwasaidia baadhi. Kinyume chake ndicho tunachokiona majumbani: kichwa kinalazwa nyuma ili dawa iteremke. Kichwa kikienda nyuma njia ya hewa hufunguka, na ndiyo sababu huduma ya kwanza humlaza hivyo asiyepumua.

Langmore yuleyule, mwaka 1998, aliwafuatilia wazee 189 kuona ni nani atakayepata nimonia ya kupaliwa. Shida ya kumeza peke yake haikutosha kutabiri. Vilivyotabiri zaidi ni kulishwa na mtu mwingine, kusafishwa kinywa na mtu mwingine, na meno mabovu. Wajapani wakaenda mbele zaidi: katika nyumba 11 za wazee, kwa miaka miwili, wale waliosafishwa vinywa baada ya kila mlo walipata nimonia kwa asilimia 11, wasiosafishwa asilimia 19. Hapo ndipo matokeo ya 1978 yanapopata maana. Mate yatavuja, ya mwenye afya na ya mgonjwa. Kinachobadilika ni wadudu waliomo ndani yake. Mpira wa kulishia uliopitishwa puani hauzuii mate hayo, wala hauzuii yaliyomo tumboni yasipande, kwa hiyo mwenye mpira naye asugue meno. Wodini mgonjwa asiyekula kwa mdomo huachwa kinywa kikauke na kutengeneza ukoko, kwa hoja kwamba hali chochote. Ni hoja iliyopinduliwa.

Wataalamu wa kumeza ni wachache katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008, na bado mikoa mingi ya Afrika Mashariki haina hata mmoja, kwa hiyo kazi hii itaendelea kufanywa na muuguzi wa zamu na ndugu aliyekaa kando ya kitanda. Ndugu huyo ajue haya: mgonjwa wa kiharusi asipewe chai, uji wala kidonge mpaka muuguzi amjaribu kumeza. Akiruhusiwa, aketishwe wima, kidevu kikielekea kifuani, kijiko kimoja kwa wakati, na cha pili kisubiri koromeo lipande na kushuka. Akimaliza asilazwe kwa nusu saa, na asuguliwe meno, ulimi na mashavu ya ndani, hata siku ambayo hakula kitu.